"Gia Imeharibika": Bushi za Viungo vya Gia na Lugha ya Gereji Lokichar

Utangulizi

Lokichar ni mji mdogo ulioko kusini mwa Kaunti ya Turkana, kando ya barabara kuu itokayo Kitale kuelekea Lodwar, Kakuma na hatimaye mpaka wa Sudan Kusini. Kutoka Lokichar hadi Lodwar ni takriban kilomita 90, na kurudi Kitale ni zaidi ya kilomita 200. Wasomaji wengi walianza kulisikia jina la mji huu baada ya mafuta kugunduliwa katika kisima cha Ngamia 1 mnamo Machi 2012. Hata hivyo, kabla na baada ya mafuta, Lokichar umekuwa mji wa wasafiri. Magari husimama hapo kupoa, kutiwa maji na mafuta, na aghalabu kutengenezwa.

Barabara hiyo ilitiwa lami katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Norway. Kisha iliachwa ikachakaa kwa miaka mingi hata madereva wakawa wanapendelea kupita kando yake, mchangani. Sehemu kubwa imejengwa upya katika miaka ya karibuni, lakini magari mengi yanayoitumia ni yale yale yaliyotumika wakati wa mashimo. Miongoni mwa vitu vilivyoumia ndani ya magari hayo ni vipande vidogo vya mpira na nailoni viitwavyo bushi.

Makala haya yanadhamiria kueleza namna ya kutambua na kubadilisha bushi zilizolika katika viungo vya gia vya gari kuukuu. Huenda msomaji wa jarida la Kiswahili akashangaa mada hii imefikaje hapa. Jibu ni kwamba ubovu huu mdogo mara nyingi hugeuzwa kuwa gharama kubwa kwa sababu ya neno moja. Dereva hufika na kusema, "Fundi, gia imeharibika." Sentensi hiyo ni sanifu, haina kosa la kisarufi, lakini haimwambii fundi chochote cha kumsaidia. Yawezekana dereva huyo akaondoka akiwa ameuziwa giaboksi nzima, ilhali kilichohitajika ni kipande kinachoweza kufichwa ndani ya kiganja.

Maana Nne za Neno "Gia"

Katika mazungumzo ya kila siku, neno gia hubeba maana zisizopungua nne. Kwanza, ni ule mkono ambao dereva huushika na kuusogeza: "shika gia". Pili, ni nafasi ambayo mkono huo umewekwa: "tia gia ya pili". Tatu, ni gurudumu lenye meno lililomo ndani ya mtambo: "gia imevunjika jino". Nne, ni sanduku zima lenye magurudumu hayo, ambalo mafundi huliita giaboksi: "teremsha gia". Ni muktadha tu unaozitenganisha maana hizi.

Kati ya mkono wa dereva na giaboksi kuna kitu cha tano ambacho hakimo katika orodha hiyo. Hivi ni viungo vinavyouchukua mwendo wa mkono na kuufikisha ndani ya sanduku. Katika makala haya tutaviita viungo vya gia. Mafundi wanavifahamu vyema, ila dereva wa kawaida hana jina la kuviita, na kitu kisichokuwa na jina ni vigumu kukishuku. Ndiyo maana gia ikikataa kuingia, lawama huruka kutoka kwenye mkono moja kwa moja hadi kwenye giaboksi.

Viungo hivi hutofautiana kulingana na muundo wa gari. Katika pikapu nyingi za Toyota Hilux na katika Land Cruiser nyingi, mkono wa gia husimama juu ya giaboksi yenyewe, na ncha yake ya chini huingia ndani moja kwa moja. Hapo hakuna safari ndefu. Kuna kikombe kidogo cha nailoni tu kinachoivaa ncha hiyo. Katika Peugeot 504 zile ambazo mkono wa gia uko kwenye usukani, mwendo husafiri kwa fito za chuma zilizounganishwa kwa vifundo kadhaa. Katika magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kama vile Toyota Probox ya gia za mkono, kazi hiyo hufanywa na kebo mbili.

Kebo ni mbili, na hata fito aghalabu hugawana kazi vivyo hivyo, kwa sababu mkono wa gia hufanya kazi mbili. Husogea kushoto na kulia ili kuchagua njia, yaani kuchagua kama tunaelekea kwenye jozi ya kwanza na ya pili, au ya tatu na ya nne. Kisha husogea mbele na nyuma ili kuitia gia yenyewe. Tofauti hii ya kuchagua na kutia itatufaa tutakapofika kwenye uchunguzi.

Bushi ni Nini, na Kwa Nini Huisha?

Bushi ni pete au kikombe kinachowekwa mahali ambapo chuma kimoja huzunguka au hutikisika ndani ya kingine. Neno lenyewe tumelikopa kutoka Kiingereza, nacho Kiingereza kililipata kutoka Kiholanzi cha zama za kati, ambako lilimaanisha kikasha. Maana hiyo ya asili bado inafaa, kwa sababu bushi ni kikasha ambacho ndani yake pini hukaa. Hutengenezwa kwa mpira, nailoni au shaba kulingana na mahali inapotumika. Kazi yake ni kujaza nafasi ili viungo visigongane, na kukubali kulika yenyewe ili chuma kisilike.

Katika mazingira ya Turkana bushi hushambuliwa na maadui watatu. Wa kwanza ni joto. Mchana wa kawaida huko Lodwar hufikia nyuzi 35 za Selsiasi kivulini, na chini ya gari, karibu na injini na bomba la moshi, joto ni kubwa zaidi. Mpira hukauka ukapasuka. Nailoni huwa ngumu ikakatika. Adui wa pili ni vumbi na mchanga, ambavyo vikichanganyika na grisi hufanya kazi ya msasa. Wa tatu ni mtikiso wa barabara yenye makunyanzi, ambao hugongesha kila kifundo maelfu ya mara katika safari moja.

Ni vyema kuonyesha kwa hesabu jinsi kulika kidogo kunavyozaa tatizo kubwa. Tuchukue mfano wa mkono wa gia wenye urefu wa sentimita 30 juu ya egemeo lake na sentimita 5 chini ya egemeo hilo. Uwiano wake ni sita kwa moja. Bushi ya chini ikilika milimita 1 tu, kile kirungu anachoshika dereva kitacheza milimita 6 bila kufanya kazi yoyote. Ikiwa viungo vina vifundo vinne na kila kimoja kimelika milimita 1, basi milimita 4 za mwendo hupotea njiani kabla ya kufika kwenye giaboksi. Mwendo unaohitajika kule mwisho ni mdogo, kwa hiyo anachopoteza dereva ni sehemu kubwa ya kile alichokusudia. Mkono wake umefika kwenye gia ya kwanza, lakini giaboksi haikupata habari kamili.

Kuutambua Ugonjwa

Hapa ndipo lugha ya dereva inapokuwa kipimo cha kwanza, hata kabla ya spana. Badala ya kusema gia "imeharibika", afadhali aseme gia inafanya nini. Vitenzi vinne vinatosha kuanzia.

Gia inakataa. Injini ikiwa inanguruma, gia hukataa kuingia au huingia kwa kusaga meno. Injini ikizimwa, zote huingia kwa ulaini. Hapa mshukiwa wa kwanza ni klachi ambayo haiachii sawasawa, wala si bushi.

Gia inacheza. Mkono umelegea, unayumba kushoto na kulia hata gari likiwa ndani ya gia, nao hutetemeka na kugongagonga safarini. Dereva hulazimika kuitafuta gia kama mtu anayepapasa gizani. Hii ndiyo dalili halisi ya bushi zilizolika.

Gia inaruka. Gia huingia vizuri, kisha huchomoka yenyewe, hasa mguu unapoondolewa kwenye mafuta au gari linapoteremka mlima. Kama mkono haulegei, tatizo laweza kuwa ndani ya giaboksi, au katika raba zinazoishikilia injini. Kama mkono unalegea pia, bushi zishukiwe kwanza, kwani gia isiyoingia kikamilifu huchomoka kwa urahisi.

Gia inalia. Kuna mvumo unaobadilika kulingana na mwendo wa gari. Mvumo huo aghalabu hutoka kwa beringi au meno ya ndani. Bushi ya kiungo haivumi.

Baada ya maneno, huja uthibitisho. Uchunguzi wenyewe unahitaji watu wawili na dakika chache. Injini izimwe, gari liwe mahali tambarare, magurudumu yawekewe mawe. Mtu mmoja akae ndani asogeze mkono wa gia polepole, wa pili aangalie viungo kutoka chini au kutoka kwenye boneti. Aliye ndani akisogeza na kifundo cha kwanza kikasonga huku cha pili kimetulia, basi bushi iliyo kati yao imekwisha. Wafuate kifundo baada ya kifundo hadi mwisho. Ikiwa kulegea kuko upande wa kuchagua, gari litapoteza njia nzima, kwa mfano gia ya kwanza na ya pili kwa pamoja, au gia ya nyuma itakuwa haionekani. Ikiwa kuko upande wa kutia, njia zote zitapatikana lakini gia zitaingia nusu nusu.

Uchunguzi huu haugharimu chochote, na unapaswa kufanywa kabla ya mtu yeyote kuiteremsha giaboksi. Kuna sababu nyingine ya kutouahirisha. Barabara ya kati ya Kainuk na Lokichar imejulikana kwa miaka mingi kwa mashambulizi ya wezi wa mifugo na majambazi. Gari lililokwama katika gia ya tatu, lisiloweza kuondoka wala kurudi nyuma, si gari la kukaa nalo huko jua likitua.

Kubadilisha Bushi

Tuanze na gari lenye fito au kebo. Hatua zake ni kama zifuatazo.

Kwanza, liegeshe gari mahali tambarare na pagumu, funga breki ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, na uache injini ipoe. Ikiwa ni lazima kuingia chini ya gari, usitegemee jeki peke yake. Weka stendi za chuma au magogo imara. Mchanga wa Lokichar huzamisha jeki, kwa hiyo iwekee ubao mpana chini.

Pili, weka mkono wa gia katikati, yaani nje ya gia zote. Kabla ya kufungua chochote, tia alama kwa rangi au hesabu nyuzi za skrubu zinazoonekana mahali ambapo urefu wa fito au kebo hurekebishwa. Hatua hii hupuuzwa mara nyingi, na ndiyo inayofanya gari litoke gereji likiwa na bushi mpya na gia zilizohama.

Tatu, safisha kifundo kwa brashi, kisha chomoa klipu au kotapini, ondoa washa, na uitoe ncha ya fito au kebo kwenye pini yake. Tumia bisibisi kubwa bapa kwa kukwanyua taratibu. Panga kila kitu juu ya kitambaa kwa mfuatano uleule uliokitolea.

Nne, toa bushi yote ya zamani, pamoja na vipande vilivyokatika. Futa pini kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha ikague. Ikiwa pini imelika upande mmoja ikawa na umbo la yai, bushi mpya haitadumu. Pini hiyo nayo ibadilishwe au ijazwe kwa kuchomelewa na kusawazishwa.

Tano, pachika bushi mpya. Bushi ya nailoni ikiwa ngumu kuingia, iloweke katika maji moto kwa dakika chache italainika. Usiigonge kwa nyundo. Ibane taratibu kwa koleo au kwa jiriwa huku ukiikinga kwa kitambaa. Paka grisi kidogo kwenye nailoni na shaba. Bushi ya mpira asilia isipakwe grisi ya kawaida, kwa kuwa mafuta ya petroli huuvimbisha mpira na kuuoza. Hiyo hutakiwa grisi ya silikoni.

Sita, rudisha ncha kwenye pini, washa na klipu. Klipu iliyolegea au kotapini iliyokwisha kukunjwa mara nyingi isirudishwe, tia mpya.

Saba, jaribu. Teremsha gari chini, injini ikiwa imezimwa, kanyaga klachi na utie kila gia kuanzia ya kwanza hadi ya nyuma. Gia moja ikigoma, huenda meno yamekutana uso kwa uso. Lisukume gari kidogo kisha ujaribu tena. Zote zikikubali, washa injini ujaribu tena, kisha endesha polepole mahali pasipo na watu.

Kwa Hilux na Land Cruiser zile ambazo mkono umesimama juu ya giaboksi, kazi ni fupi lakini inataka usafi zaidi. Toa kirungu na mfuko wa mpira unaofunika mkono, kisha futa vumbi lote kabla ya kufungua, kwa sababu chochote kitakachoanguka kitaingia kwenye meno. Katika nyingi kati ya Toyota hizi, kifuniko kilicho chini ya mkono hukandamizwa na kuzungushwa kinyume na mwendo wa saa, na mkono wote huchomoka. Kikombe cha nailoni kilichochakaa huvikwa kwenye ncha yake ya chini, au hupatikana kimevunjika ndani. Vipande vyote vitolewe na kuhesabiwa. Funika tundu kwa kitambaa safi wakati unapaka grisi, vika kikombe kipya, na urudishe kwa kukandamiza na kuzungusha upande wa pili.

Na pale ambapo spea haipatikani? Kipande cha mpira mnene wa tairi kuukuu, ule ule unaochongewa akala, chaweza kutobolewa na kuvikwa kwenye pini kisha kufungwa kwa waya. Hiyo ni dawa ya kufikia Lodwar au Kitale, isigeuzwe kuwa makazi. Mpira wa tairi hunywea na kupanuka ovyo, na waya hukatika bila kutoa taarifa.

Majina ya Kukopa, Vitenzi vya Nyumbani

Msomaji makini atakuwa ameona jambo katika maelezo yaliyotangulia. Majina mengi ya vifaa ni ya kukopa: gia, bushi, klachi, kebo, pini, klipu, washa, jeki, grisi, beringi. Lakini vitenzi karibu vyote ni vya Kiswahili chenyewe: chomoa, pachika, kaza, legeza, vika, futa, loweka, kwanyua. Kiswahili cha gereji hukopa kitu, lakini tendo hakikopi.

Jambo hili linaonekana vyema zaidi ukisonga kaskazini hadi Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi imekuwepo tangu 1992. Huko hukutana Waturkana, Wakenya kutoka bara na pwani, na wakimbizi kutoka nchi nyingi za jirani. Dereva aliyelelewa Kivu, mashariki mwa Kongo, hukopa majina yake kutoka Kifaransa, na gia kwake ni vitesi. Fundi aliyejifunza kazi Kitale hukopa kutoka Kiingereza. Hata hivyo, mmoja akisema "inacheza" au "inaruka", mwenzake anaelewa, na kazi inaanza. Wakitofautiana kuhusu jina la kifaa, watakionyesha kwa kidole. Tendo halionyeshwi kwa kidole, lazima lisemwe.

Aidha, unyambulishaji wa vitenzi vyetu unaifaa kazi hii kwa namna ya pekee. Kauli ya kutendua hutupa jozi kama funga na fungua, chomeka na chomoa, pachika na pachua, kunja na kunjua. Vitabu vya ufundi vya Kiingereza hulazimika kuongeza sentensi nzima kueleza kwamba kurudisha kifaa ni kinyume cha kukitoa. Katika Kiswahili kinyume hicho kimo ndani ya kitenzi chenyewe. Vitenzi vya hali navyo vina kazi yao. "Nati imelegea" husema hali tu, bila mtendaji, nayo humpeleka fundi kuushuku mtikiso. "Nati imelegezwa" humfanya aulize ni nani aliyeigusa. Tofauti hiyo ya viambishi yaweza kuokoa nusu siku ya kutafuta chanzo cha ubovu.

Juhudi za kuunda istilahi zimefanywa kwa muda mrefu na vyombo kama BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, na TUKI, ambayo tangu 2009 ni TATAKI. Juhudi hizo zinastahili heshima. Hata hivyo, nyingi hulenga majina, kana kwamba taaluma ni orodha ya vitu. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, ila mafunzo katika vyuo vya ufundi na miongozo ya magari bado ni ya Kiingereza. Kijana wa Lokichar anayejifunza kazi gerejini hufundishwa kwa Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni, lakini hana ukurasa mmoja wa Kiswahili wa kurejelea fundi wake anapokuwa safarini.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba mkono wa gia unaocheza si lazima uwe ishara ya giaboksi mbovu, kwamba watu wawili wanaweza kuithibitisha bushi iliyolika bila gharama, na kwamba kuibadilisha ni kazi ya hatua saba zisizohitaji mitambo mikubwa. Tumeonyesha pia kwamba hatua ya kwanza ya uchunguzi ni ya kilugha: kuliacha neno "imeharibika" na kutaja tendo lenyewe.

Wanafunzi wa Kiswahili tuna nafasi hapa. Tukitaka kuandika Kiswahili cha ufundi, tusiketi maktabani tukibuni jina jipya la bushi ilhali fundi ana jina lake tayari. Twendeni gerejini tukaandike anavyoeleza kazi yake, kitenzi kwa kitenzi, kisha tumrudishie maelezo hayo yakiwa yamechapishwa. Mwongozo wa kwanza ukiwa wa kurasa chache tu kuhusu viungo vya gia, tayari utakuwa umemwezesha dereva mmoja kumweleza fundi ugonjwa wa gari lake kabla hajauziwa giaboksi asiyoihitaji.